Mtafsiri wa Skrini Nyeusi

Nasaba ilitoa asilimia sitini na moja ya uwezekano wa wizi, na Tunsume akashusha pumzi kama mtu aliyeongezewa ndoo ya pili kichwani.

Ingekuwa thelathini, shauri lingekufa lenyewe. Ingekuwa themanini, lingejihukumu lenyewe, naye angelisikia baadaye kama watu wanavyosikia habari za msiba wa mtaa mwingine. Lakini kati ya arobaini na sabini mashine haikujiamini, na sheria ilitaka mtu mwenye nyama na damu akae, atazame, asikilize, kisha abonyeze. Waamuzi waliliita pengo hilo ukunguni. Tunsume alikuwa ameishi ukunguni miaka kumi na tisa, mwamuzi pekee wa wilaya nzima, katika ofisi ya Tukuyu yenye dirisha moja lisilofungika vizuri.

Mwezi uliopita alikuwa ameamua kama mluzi wa mchunga ng'ombe ulitoka kwenye tangazo la sabuni. Ulitoka. Mchungaji yule sasa alichunga kimya, na ng'ombe wake, kwa taarifa zilizomfikia, walikuwa wamegoma kuvuka mto. Mwezi wa kabla yake ilikuwa kwaya ya kanisa. Kila shauri lilimwachia uchovu wa namna ambayo usingizi hauutibu, na daktari wake alikuwa amekwisha kuacha kumwandikia vidonge.

Alimwaga chai iliyopoa dirishani, akafungua jalada. Jina la mshitakiwa lilimfanya aweke kikombe chini taratibu.

Gwakisa, miaka themanini na moja, mtafsiri wa filamu, kijiji cha Lusungo.

Hakuna mtu wa Lusungo asiyemjua Gwakisa, na Tunsume alikuwa mtu wa Lusungo. Miaka hamsini mzee huyo alikuwa na kibanda umiza cha mabati kando ya kiwanda cha chai, na kila Jumapili mchana alisimama pembeni ya skrini na kuwatafsiria watu filamu za nje kwa Kiswahili, sauti za wanaume, wanawake, mbwa na pikipiki zote akizitoa yeye. Filamu zenyewe zilikuwa za wizi. Enzi hizo nani aliuliza? Kisha ikaja Nasaba. Ikajifunza kila filamu, kila wimbo na kila hadithi duniani, ikajua nani mzazi wa nani, na skrini zote zikaitii. Miaka saba iliyopita picha za Gwakisa ziligeuka nyeusi.

Watu walidhani ndio mwisho wa kibanda. Jumapili iliyofuata Gwakisa akawasha mashine kama kawaida, akaiacha filamu iende gizani, akatafsiri. Aliijua kwa moyo, dakika kwa dakika. Watu walikaa kwenye mabenchi, wakaitazama skrini nyeusi saa moja na nusu, wakalia palipotakiwa kulia. Jumapili ya pili walikuja wengi zaidi.

Sasa kampuni ya Ghala Moja, iliyokuwa imezinunua filamu zote za zamani kwa mkupuo, ilikuwa imeshitaki. Ilidai kwamba sauti ya Gwakisa nayo ni nakala ya filamu. Na filamu iliyotolewa kama kielelezo ilikuwa moja tu, ya Kikorea, ambayo Lusungo waliijua kwa jina la Blanketi.

Fomu ilimuuliza Tunsume kama ana undugu wa damu na mshitakiwa au na yeyote wa watazamaji wake. Alifikiri kidogo. Wa damu, tangu baba yake afe, hakuwa naye. Akaandika hapana, akabonyeza filamu halisi ianze.

Hakuwahi kuiona. Alikuwa na miaka mitatu ilipoonyeshwa mara ya kwanza kijijini, na alipokua kila mtu alikuwa amekwisha kumsimulia. Mama mmoja wa Kikorea anaishi na mumewe. Siku ya mvua kubwa mume analeta mtoto aliyezaa nje. Mama anamwacha mtoto barazani, analowa, kisha anaingia ndani kuchukua blanketi, anamfunika, anamlea. Mtoto anakua, anatajirika, anarudi kumjengea mama yake nyumba, na mama analia kwa furaha.

Bi Atupele, mama yake Tunsume, alikuwa akiisimulia kila Krismasi, kwa sababu ilikuwa hadithi yao. Tunsume naye aliletwa na baba yake siku ya mvua, kutoka kwa mwanamke wa machimboni. Majuma matano Atupele alimlaza jikoni, pembeni ya mbuzi, na barua ya kituo cha watoto yatima ilikuwa imekwisha kuandikwa. Kisha Jumapili moja Atupele akaenda kibandani kwa Gwakisa, akarudi, akamchukua mtoto jikoni akampandisha kitandani kwake. "Yule mama wa Kikorea ndiye aliyenifundisha," alikuwa akisema. Tunsume alipoanza kupata mshahara, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kumjengea nyumba.

Nasaba ilimtafsiria Kikorea sikioni, neno kwa neno. Dakika ya arobaini na moja mvua ilinyesha. Mtoto alisimama barazani. Mama alimtazama muda mrefu, akasema, "Mpeleke kwa aliyemzaa," akaingia ndani.

Mlango ukafungwa.

Tunsume alisubiri ufunguke. Haukufunguka. Picha iliyofuata ilikuwa ya mtoto mkubwa kiasi, katika nyumba ya watu wengine, anaosha vyombo. Mwishoni mtoto yule alirudi akiwa tajiri, akamkabidhi mama karatasi, na mama akalia. Karatasi zilikuwa za kumfukuza. Alikuwa ameinunua nyumba ile ili amtoe.

Aliirudisha nyuma, akautazama mlango ukifungwa mara nne. Mara ya tano akaizima. Aliona hasira, kisha akaona aibu kwa kuwa hakujua amkasirikie nani.

*

Jumatano alipanda Lusungo na pikipiki ya ofisi. Gwakisa alikuwa nyuma ya kibanda, anachambua maharage kwenye ungo. Alimletea kigoda, akaendelea na maharage yake.

"Umekuja kunifunga, binti Atupele?"

"Nimekuja kukuomba, baba. Sema ulitunga. Neno hilo moja tu. Ukiapa kwamba ile hadithi uliitunga wewe, kampuni haina shauri. Nimeiona filamu. Nimeisikia yote. Ulichokuwa unasema wewe na wanachosema wao havikutani popote. Wewe Kikorea hukukijua."

Gwakisa akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Nilijua maneno mawili, ndiyo na mama. Mengine nilikuwa nayasoma usoni mwao. Uso wa mtu hauna lugha."

"Basi ulitunga."

"Mtafsiri hatungi, mwanangu. Siku nikijiita mtunzi, nimewaambia wale wote kwamba miaka hamsini nilikuwa nawadanganya."

"Wataelewa. Kibanda kitabaki. Utaendelea kusimulia mpaka siku yako ya mwisho."

Mzee akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia aliyokwisha kuijua, "Na ikiwa yangu, inakuwa yangu namna gani?"

Tunsume alikuwa ameogopa swali hilo tangu Tukuyu. Aliijua sheria kama anavyoijua sala ya Baba Yetu, akaisema kwa uchovu uleule. "Inaandikwa kwenye Nasaba kwa jina lako. Inakuwa yako maisha yako yote, na miaka mia baada yako."

"Sina mtoto."

"Itashikwa na Mamlaka."

"Na mama yako akitaka kumsimulia mjukuu wake?"

Tunsume aligusa sikio lake. Kila mtu mle wilayani alikuwa na punje sikioni, ndogo kuliko chembe ya ulezi. Watoto walipandwa darasa la kwanza na wazee walipangiwa foleni zahanati. Kwa punje ulipiga simu, ulizungumza na daktari, ulielewa lugha za wageni. Na kwa punje hiyohiyo Nasaba ilisikia kila kilichosimuliwa, ikakitafutia mwenyewe. Kitu kisicho na kibali kilipotamkwa, punje zilikifunika. Ulimwona mtu anafungua kinywa, ukasikia mvumo tu, wa nyuki walio mbali.

"Zitamfunika," alisema hatimaye. "Atahitaji kibali."

"Atupele aombe kibali cha kusema alivyokupata?"

"Ndiyo, baba."

"Na nikisema sitaki, ni ya wote, achukue anayetaka?"

"Sheria haina sehemu hiyo. Zamani ilikuwepo, wakaiondoa. Fomu ina mistari miwili. Mwenye kazi, na mwizi wa kazi."

"Nisomee wa pili."

"Ukiwa mwizi wanafunga sauti yako." Tunsume aliisikia sauti yake mwenyewe inapanda. "Si hadithi peke yake, baba. Sauti yote. Ukiomba chumvi, watu watasikia mvumo. Ukiugua ukaita, watasikia mvumo. Mpaka ufe."

"Na hadithi?"

"Inahesabiwa sehemu ya filamu."

"Na filamu ni ya Ghala Moja mpaka lini?"

Kwa hiyo alikuwa amekwisha kuuliza. Mtu alikuwa amemsomea. Tunsume akatazama mbali, kwenye mashamba ya chai. "Miezi kumi na sita. Ni ya zamani, muda wake unaisha. Baada ya hapo haina mwenyewe."

"Sasa hapo umekuja kuniomba nini?" Gwakisa alisema. "Miezi kumi na sita, au miaka mia. Afadhali mwizi mmoja kuliko kijiji kizima."

Tunsume alisimama, akakaa tena. Alikuwa amewahi kuhukumu watu waliolia, waliotukana, mmoja aliyemtupia kiatu. Hakuwahi kukutana na mtu anayechagua. Alimwonea uchungu mzee huyo, na kwa wakati huohuo alitamani kumtikisa mabega.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Dakika ya arobaini na moja. Mlango ulifungwa. Kwa nini ulisema ameenda kuchukua blanketi?"

Gwakisa aliacha maharage. Mikono yake mikavu ikatulia juu ya ungo.

"Ile filamu niliipata Ijumaa," alisema. "Jumamosi niliitazama peke yangu. Nikajua mlango unafungwa, na mwisho wake nikaujua. Jumapili mama yako akaja, akakaa benchi la pili. Alikuwa hajatoka nyumbani majuma matano. Na sote tulijua jikoni kwake kuna nani. Picha ikafika pale. Nikamwangalia. Nikawaza, huyu nikimwambia mlango umefungwa, atakwenda nyumbani na yeye afunge. Basi blanketi lilinitoka tu. Ya mbele ikabidi niyanyooshe, maana ukishasema uongo mmoja wenzake wanadai nafasi."

"Kwa hiyo nililelewa kwa uongo wako."

"Ulilelewa na Atupele. Mimi nilisema maneno." Alichukua ungo tena. "Siku ya shauri utaniuliza habari za mlango?"

"Lazima niulize. Ndicho kielelezo."

"Uliza. Nitajibu kama nilivyosema siku ile, maana yeye atakuwepo. Halafu wewe utaandika."

*

Alilala kwa mama yake siku zilizobaki, kwa kisingizio cha barabara mbovu. Bi Atupele alikuwa na miaka themanini na alikuwa bado anamenya ndizi haraka kuliko yeye. Hakuuliza habari za shauri mpaka Jumamosi asubuhi, wakiwa jikoni.

"Gwakisa umemwona anaendeleaje?"

"Mzima, mama."

"Watamfanyaje?"

"Inategemea atakavyojibu."

"Atajibu vizuri. Mtu yule hajawahi kudanganya." Bi Atupele alidondosha ndizi kwenye maji. "Bila yeye kumtafsiria yule mama wa Kikorea, mimi na wewe tungekuwa wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Picha ya mlango ilikuwa mkobani mwake, imechapwa kwenye karatasi kwa ajili ya shauri, hatua tatu kutoka pale walipoketi. Tunsume aliinama akachukua ndizi nyingine, akaimenya vibaya, na mama yake akaipokea mikononi mwake akaimalizia. Mwanamke aliyeketi mbele yake alikuwa amejenga maisha yake yote juu ya mlango uliofunguka. Nani angemwambia? Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na huyu alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka arobaini na mitatu bila kumkumbusha hata mara moja kwamba hakumzaa.

"Unachoka sana siku hizi," Bi Atupele alisema. "Acha kazi hiyo."

"Nikiacha wataleta mashine, mama."

"Na wewe ni nini?"

Alilisema kwa utani, akacheka. Tunsume naye akacheka, ila hata jioni alikuwa bado analijibu kichwani.

*

Sheria ilitaka shauri lisikilizwe mahali kosa lilipotendeka, kwa hiyo Jumapili mchana walikaa kibandani. Watu walikuja na nguo za kanisani. Walijipanga kwenye mabenchi yao ya kila juma, na Bi Atupele alikaa la pili. Wakili wa Ghala Moja hakusafiri. Alisikiliza kwa punje kutoka huko aliko, na kazi yake yote siku hiyo ilikuwa kusema "nipo" mwanzoni. Skrini nyeusi ilikuwa nyuma ya Gwakisa. Tunsume aliketi kwenye meza ndogo ya kukatia tiketi, kibao cha Nasaba mbele yake, mkoba mapajani.

Alimwapisha. Akamuuliza jina, umri, kazi.

"Mtafsiri wa filamu."

"Hujatunga?"

"Natafsiri tu."

Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kuna mmoja nyuma alisema, "Tena vizuri," wakacheka kidogo.

"Filamu iliyo kwenye kielelezo uliitafsiri kama ilivyo?"

"Kama nilivyoiona."

Kibao kilimkumbusha kwa mwanga wa njano kwamba swali la kielelezo bado. Tunsume aliufungua mkoba kidogo, akaigusa karatasi kwa vidole. Karatasi moja. Akiiweka mezani, shauri linageuka lenyewe. Mzee anatoka pale na sauti yake, hata kama haitaki. Kesho yake hadithi inaandikwa kwa jina lake, na Krismasi ijayo Bi Atupele anafungua kinywa mbele ya wajukuu na wajukuu wanasikia nyuki. Na benchi la pili linajua mlango ulifungwa. Asipoiweka, mtu asiye na hatia ananyamazishwa kwa mkono wake, na yeye anakuwa ameandika uongo katika kitabu ambacho kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuandika uongo, hata pale ukweli ulipokuwa wa kipumbavu.

Alitamani mtu mwingine aamue. Ndiyo, alilitamani hilo waziwazi, kama mtoto. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Dakika ya arobaini na moja," alisema. "Mama anaingia ndani, mtoto yuko barazani. Je, katika filamu uliyoiona, mlango ule ulifunguliwa tena, au ulibaki umefungwa?"

Gwakisa hakumtazama mwamuzi. Alitazama benchi la pili, kama alivyozoea.

"Ulifunguliwa," alisema. "Akatoka na blanketi."

Tunsume alitoa mkono mkobani ukiwa mtupu. Akaandika: *Tafsiri inalingana na filamu. Ni nakala.* Nasaba ikauliza kama ana hakika, kama inavyouliza kila mara. Akaandika ndiyo.

Gwakisa alikuwa amewageukia watu. Alijua kinachofuata, na alitaka kuwaaga. Alianza, "Basi, jamani, mimi nawashukuru kwa kuja kila Jumapili, na kama kuna siku nili..." Tunsume alipaswa kumsubiri. Hakuna kifungu kilichomkataza kumsubiri. Lakini alijijua, angemwacha amalize, asingebonyeza tena. Akabonyeza.

Mvumo ukaingia masikioni mwa wote kwa pamoja. Mdomo wa mzee uliendelea kwenda kwa muda, mpaka alipoziona nyuso zao. Akaufunga. Akakunja mikono kifuani, akainama kidogo, akaenda kuzima mashine.

Hakuna aliyemtukana Tunsume. Walitoka mmoja mmoja, na kila aliyepita mezani alimpa mkono, kwa sababu alikuwa binti wa pale na alikuwa kazini. Hilo lilimchosha kuliko kiatu.

*

Asubuhi ya Jumatatu mama yake alimsindikiza mpaka barabarani alikoacha pikipiki. Kulikuwa na baridi na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya chai. Bi Atupele alitembea polepole, amemshika mkono.

"Swali lile la mlango lilikuwa swali baya," alisema.

"Ilikuwa lazima niulize."

"Mimi macho ninayo, Tunsume. Siku ile skrini haikuwa nyeusi. Nilikaa benchi la pili na mlango nikauona. Ulifungwa, haukufunguliwa."

Tunsume alisimama. Mama yake alimvuta waendelee, kana kwamba walikuwa wanazungumzia bei ya ndizi.

"Ulijua? Miaka yote hii?"

"Sikuambiwa. Niliona. Na nilipogeuka, Gwakisa alikuwa haangalii picha, ananiangalia mimi. Nikaelewa kijiji kizima kinajua unalala na mbuzi. Nikaona aibu, mwanangu, aibu ya kutaka ardhi ipasuke. Ndiyo iliyonirudisha nyumbani mbio. Mapenzi yalikuja baadaye, yalichelewa. Sasa hiyo utamsimuliaje mtoto wakati wa Krismasi? Ya yule Mkorea ni nzuri zaidi, na ilikuwa imekwisha kusemwa."

"Mama, ungesimama jana ukasema hivyo, mzee angeachiwa!"

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

Bi Atupele alivuta pumzi, maana walikuwa wanapanda. "Na wewe kwa nini hukusema? Umekaa na mkoba mapajani unaushika kama umebeba mayai. Nilijua ndani kuna kitu. Nikasubiri. Nikasema, akisema yeye, na mimi nitasimama." Walitembea hatua kadhaa. "Naye nadhani alikuwa anatutazama sisi, aone nani atasema. Watu wazima watatu."

Tunsume alilia kidogo, bila kelele, na mama yake akamwacha alie, hakumfuta machozi wala kumwambia anyamaze.

Walipofika kwenye kona ya kiwanda walimkuta Gwakisa amesimama nje ya kibanda, anafagia. Alikuwa amejiviringisha shali nzito, imepanda mpaka puani kwa ajili ya baridi, na kilichoonekana ni macho tu. Aliacha kufagia.

Bi Atupele hakusita. "Umeamkaje, Gwakisa?" alisema kwa sauti, na akanyamaza. Punje zilivuma. Mvumo ulipokatika akaitikia, "Na sisi wazima. Miguu je?" Akanyamaza tena, mvumo ukaja, ukaenda. "Pole. Paka mafuta ya kondoo. Mchana nitakuletea maharage." Alimwachia kila jibu nafasi yake, fupi au ndefu, kama walivyosalimiana miaka yote.

Kisha akamgusa binti yake kiwiko.

Tunsume alisogea mbele. Alivua kofia ya pikipiki, akapiga goti kidogo, kama alivyofundishwa utotoni.

"Shikamoo, baba."

Alisubiri. Macho ya mzee yalikuwa juu yake. Shali haikutikisika, au ilitikiswa na upepo, hakuweza kujua. Alitega masikio yote mawili. Kiwanda kilikuwa kimeanza kazi dakika ile, na mashine za chai nazo zilikuwa zinavuma kama punje.

"Amekuitikia?" mama yake aliuliza.

"Sijui, mama."

"Basi mwamkie tena."